Panya Buku wa Uzi

Sebuleni kwa mama yangu mgeni huambiwa "karibu, kaa," na kabla hajaegemea huambiwa, "angalia kitambaa." Kila kochi limevalishwa vitambaa vya kroshia, vya mgongoni na vya mikononi, vyeupe, vilivyotiwa wanga vikakauka hadi ukikinyanyua kimoja kinasimama chenyewe kama kigae. Televisheni ina chake. Friji ina chake, na juu yake zimepangwa bilauri za wageni ambazo sijawahi kuona mgeni akinywea. Nimekulia humo, ndiyo maana miaka mingi sikutaka hata kuiona sindano ya kroshia. Kwangu kroshia ilikuwa adhabu ya kufua na kunyoosha vitambaa kila sikukuu inapokaribia.

Kilichonirudisha ni panya.

Binti wa kaka yangu, ana miaka sita, alirudi shule siku moja hana habari nyingine ila panya. Mwalimu alikuwa amewasimulia kuhusu panya buku wanaofundishwa hapa hapa Morogoro na shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Sisi wakubwa tumeshazoea, tunapita pale kama tunavyopita stendi ya Msamvu. Yeye ndiyo kwanza anasikia kwamba kuna panya aliyezaliwa Morogoro akapelekwa Kambodia kikazi, akavishwa na medali. Jina lake Magawa. Alizaliwa 2013, akaenda Kambodia 2016, na Septemba 2020 PDSA, shirika la Uingereza linalotibu wanyama, likampa medali yake ya dhahabu. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Anastaafu mwaka uliofuata, ameshaonyesha mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Alikuwa na kilo 1.2 tu, na wepesi huo ndio uliomweka hai, maana anatembea juu ya bomu lisilipuke. Akinusa baruti anakwangua udongo, watu wanaweka alama, yeye anapewa ndizi.

"Shangazi, nataka mdoli wa panya buku."

Nikazunguka Soko la Chifu Kingalu juu na chini. Dubu wapo. Sungura wapo, na tembo wa rangi ya waridi ambaye sijui alionekana mbuga gani. Panya hakuna. Muuzaji mmoja aliniuliza kama nilimaanisha sumu ya panya, iko duka la pili. Nikarudi nyumbani nikamwambia mtoto asijali, shangazi atamfumia.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Sisi panya tunawatega, wewe unawafuma?"

Midoli hii ya kufuma ina jina lake la Kijapani, amigurumi, lililoundwa kwa kuunganisha neno la kufuma na neno la mdoli wa kujazwa. Mtandaoni maelekezo yake ni mengi kuliko utakayoweza kuyamaliza, na mengi ni bure. Panya buku sikumkuta. Nilikuta panya mdogo wa kawaida, nikasema nitamrefusha. Nikanunua uzi wa akriliki, kahawia mabunda mawili, nyeupe moja, na waridi kidogo kwa ajili ya masikio na vidole. Karatasi ya uzi ilishauri sindano ya milimita 4. Kwa mdoli unashuka, mimi nilichukua ya 2.5, kwa sababu mishono inatakiwa ikazane, kilicho ndani kisichungulie nje. Mikono inauma, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Sasa sikilizeni kilichonikuta, maana najua kuna mtu kitamkuta kesho.

Kufuma kwangu nilikuwa nimejikumbusha kwa video za Wamarekani. Mmarekani akisema "dabo" anamaanisha mshono mrefu: unazungushia uzi kwenye sindano kwanza, unaingia tunduni, unavuta mara mbili. Maelekezo yangu ya panya yaliandikwa dabo mwanzo hadi mwisho. Nikafuma dabo. Jioni tatu nzima, umeme unakatika na kurudi, nahesabu kwa sauti mpaka mtoto akawa ananisaidia kuhesabu kutoka chumba cha pili. Kichwa kilipotimia kilikuwa na ukubwa wa kikombe cha uji, kimechongoka kama pia ya kuchezea watoto, na matundu ambayo kidole changu kidogo kinapita. Nikajaza pamba, pamba ikatokea pande zote. Nikafumua, nikafuma tena kwa kukaza zaidi. Ikawa pia ileile, ngumu zaidi.

Mama alikuwa ananitazama siku zote tatu bila kusema kitu, na mtu anayemjua mama atakwambia hiyo ni kazi kubwa kuliko kufuma. Siku ya nne akanyoosha mkono. Nikampa kichwa. Hakukitazama, alikipapasa kwa dole gumba, kama anayepima unga.

"Umeambiwa ufume nini?"

"Dabo, mama."

"Hii siyo dabo. Hii ni trebo."

Akachukua sindano akanifumia mishono minne. Aliingia tunduni, akavuta, akazungusha uzi mara moja, akavuta tena, basi. Mshono mfupi, mnene, kama punje ya mtama. "Dabo ni hii. Masista walitufundisha hii ndiyo dabo, na kwenye kijitabu chao ilikuwa imeandikwa hivyo."

Nikaenda kutazama maelekezo upya. Chini kabisa, kwa herufi za kutafuta kwa tochi, waliandika kwamba wametumia majina ya Kiingereza cha Uingereza. Waingereza na Wamarekani wanatumia maneno yaleyale kwa mishono tofauti. Dabo ya London ndiyo singo ya Chicago. Trebo ya London ndiyo dabo ya Chicago. Na mama yangu, ambaye hajawahi kufungua video hata moja ya kufuma, alikuwa na majina ya Uingereza kichwani tangu akiwa msichana, kwa sababu kijitabu cha masista kilitoka huko. Mimi nimepita shule zaidi yake, nina intaneti mkononi, na jibu lilikuwa limekaa kochi la pili likichambua mchele. Sikufurahi. Nililala mapema.

Lakini nilitaka kujua kwa nini ilichongoka. Matundu nayaelewa, mshono mrefu una matundu. Ile pia je?

Iko hivi. Unaanza na mishono 6 kwenye kitanzi. Mzunguko wa pili unaongeza kila tundu, inakuwa 12. Wa tatu 18, wa nne 24, 30, 36, kila mzunguko unazidi 6. Ukiacha kuongeza, duara halitandazi tena, linaanza kushuka. Ukipunguza 6 kila mzunguko, linafunga. Kumbe 6 siyo namba ya kubahatisha. Mshono ule mfupi, urefu wake na upana wake vinakaribiana. Duara likisogea nje kwa kimo cha mshono mmoja, ukingo wake unadai nyongeza ya kimo hicho mara mbili pai, ile pai ya darasani, yaani mishono 6 na ushee. Ukiipa 6, linalala juu ya meza kama chapati. Ukifuma mshono mrefu, kimo ni karibu mara mbili, kwa hiyo ukingo unadai mishono kama 12. Mimi niliupa 6. Ukanyimwa nafasi, ukajikunja ndani. Ndiyo pia yangu.

Nilimweleza mama haya yote, na pai ndani yake. Akasema, "Kofia."

Marehemu baba alivaa kofia za kufuma, na zote mama ndiye aliyemfumia. Kofia inaanza katikati ya utosi, inaongezwa mpaka inafika upana wa kichwa, inaachwa kuongezwa, inashuka. Alizifuma miaka na miaka bila kuandika namba hata moja. Alikuwa anaweka duara juu ya goti. Likilala, sawa. Likijikunja kama sahani ya supu, nyongeza zimepungua. Likifanya marinda, zimezidi. Marinda nayo anayo, kwenye ukingo wa kitambaa cha meza, na huko aliyafanya makusudi. Hapa sikuweza kunyamaza, nikampa habari ya Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia, ambaye mwaka 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani alifuma marinda ya namna hiyo kwa kroshia ili wanafunzi wake waweze kushika mkononi jiometri ya haipaboli, ile ya nyuso zinazojaa marinda, maana modeli za karatasi zilikuwa zinachanika. Mama alisikiliza vizuri. Akauliza kama yule mwanamke alikuwa anatia wanga.

Tangu hapo panya kwangu ni kofia. Kichwa chake ni kofia iliyozibwa mdomo. Tumbo ni kofia ndefu. Masikio ni kofia mbili za waridi zilizobanwa zikawa bapa. Ukishaona hivyo, maelekezo huyahitaji sana, na mnyama yeyote unaweza kumpanga kichwani ukiwa kwenye daladala. Panya mdogo wa mtandaoni nilimrefusha kiwiliwili kwa mizunguko 9 bila kuongeza, nikamtanua mashavu kwa kuongeza mishono 4 upande huu na 4 upande ule, kwa sababu panya buku halisi hubeba chakula mashavuni.

Tuligombana kidogo na mama kuhusu kufunga mzunguko. Yeye kila akimaliza mzunguko anauunganisha kwa mshono wa kufungia, anapanda cheni moja, anaanza upya. Kwenye kofia inaacha mstari mmoja nyuma, hakuna anayeuona. Kwenye midoli hawafungi. Unaendelea tu kama ganda la konokono, na kwa kuwa hakuna pa kushika, unatia alama kwenye mshono wa kwanza. Wengine wananunua vibanio vya plastiki. Mimi natumia pini ya nepi, au kipande cha uzi wa rangi nyingine. Mama aliona huo ni uvivu. "Kitu kisichofungwa kitahama," alisema. Na kweli kinahama! Kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia, mishono ya konokono inaegemea kulia kidogo kila mzunguko, na ukihesabu kwamba macho yatakaa mshono wa 8 na wa 16, ukifika juu unakuta panya anatazama jikoni wakati pua iko sebuleni. Dawa yake ni kutopanga uso mapema. Fuma kichwa, jaza, kigeuze mpaka upate upande unaokupendeza, halafu ndiyo utoboe macho. Sote wawili tulikuwa sahihi kwa hiyo hoja, ila mimi nilikuwa na konokono wangu sindanoni, sikufumua.

Jambo jingine dogo: ukiongeza mahali palepale kila mzunguko, kona zinajipanga na kichwa kinakuwa na pande sita kama nati ya baiskeli. Mzunguko mmoja anza kuongeza mwanzoni, unaofuata anza katikati. Kona zinapotea.

Macho ya duka ni yale ya plastiki yenye msumari na kibano cha nyuma. Yanapendeza, yanang'aa. Sikuyatumia. Binti ana mdogo wake wa miezi kumi na moja ambaye kila anachokishika safari yake ni mdomoni, na jicho la plastiki likichomoka ni kitu cha kumkaba mtoto kooni. Nikadarizi macho kwa uzi mweusi, nikaweka nukta nyeupe moja kila jicho. Nukta hiyo usiidharau. Kabla ya nukta panya alikuwa amekufa, baada yake akawa anatuangalia.

Mkia nilitenga jioni yake peke yake. Mkia wa panya buku karibu ulingane na mwili, na nusu yake ya mwisho ni nyeupe, kana kwamba amechovya kwenye ndoo ya chokaa. Hiyo ndiyo alama yake. Bila mkia mweupe una panya wa stoo tu. Mrija wa mishono 6 kuzunguka, hauongezwi, haupunguzwi, unafuma tu mpaka usahau ulianza lini. Unapobadilisha rangi usingoje mshono uishe. Mshono wa mwisho wa kahawia ukibaki vitanzi viwili kwenye sindano, vuta nyeupe hapo ndiyo uumalize. Ukingoja uishe kwanza, mpaka wa rangi unakuwa na jino. Nilifuma mkia mara mbili. Wa kwanza ulijipindua bila mimi kuona, nikaufuma wote ndani nje, ule upande wenye vijistari ndio ukawa juu. Mrija mwembamba hivyo haupinduki tena. Ungesema ni utumbo wa kuku.

Halafu ikaja vita ya kujaza. Mama alitaka sufi. Kwao Kilosa walikuwa na msufi uani, na mito ya utotoni mwake yote ilikuwa ya sufi, na kwake mto wa sponji siyo mto. Akatoa mfuko wa sufi aliokuwa ameuhifadhi sijui kwa harusi ya nani. Sufi ni nyepesi kama pumzi, inateleza, haisokoteki ikawa uzi, na ukifungua mfuko ndani ya nyumba yenye feni umekwisha. Tulipiga chafya wote watatu. Tukajaza kichwa, tukipachika vipande vidogo vidogo kwa mpini wa kijiko, mashavu kwanza, pua mwisho. Ilipofika zamu ya kiwiliwili mimi nilikuwa natoa machozi, nikachana mto wa zamani nikatumia pamba yake ya dukani. Mama hakusema kitu. Alichukua sufi iliyobaki akaifunga.

Siku nzima ya Jumapili nilishona viungo. Hapa wengi ndipo wanapokata tamaa, kwa sababu mtu ana vipande tisa mezani, kila kimoja kizuri, na havifanani na chochote. Bandika kwa pini kwanza, viungo vyote, sogea mbali, tazama. Miguu yangu ya nyuma niliihamisha mara nne. Ilipokaa nyuma sana alionekana mjusi.

Jirani mmoja aliyekuja kuazima ungo alimpenda, akauliza nauza bei gani. Nikapiga hesabu ya jioni kumi na moja, nikataja elfu thelathini kwa aibu. Akacheka. Mdoli wa dukani ni elfu tano, akasema, tena mkubwa. Sikumlaumu. Watu wanadhani kuna mashine mahali fulani inayotema hivi vitu, wakati viwandani zinaendeshwa mashine za sweta na soksi, si kroshia ya namna hii. Kila kipande cha kroshia halisi ulichowahi kukiona kwenye duka lolote, hata kile cha bei ya kutupa, kuna mtu alikaa akahesabu. Tangu siku hiyo nikiona kofia ya kroshia inauzwa elfu nne sokoni huwa nasimama kidogo.

Binti alimpokea panya wake bila kusema asante, akaenda naye moja kwa moja uani. Tukamkuta amemfunga kamba kifuani, kama alivyoambiwa panya wa kweli wanavyofungwa wakati wa kazi, anamburuta mstari mnyoofu kutoka kwenye karo hadi mchongomani, anarudi, mstari wa pili, anarudi. Kila hatua chache anamsimamisha, anamkwanguzisha udongo, anampa ndizi. Ndizi ya kweli. Jioni panya alikuwa na rangi ambayo sikununua.

Kwa hiyo kabla hajamaliza siku mbili duniani alifuliwa. Nilimtia kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikaona kitu ambacho ningekijua kama ningefikiri: kiwiliwili kilikunywa maji kikazama, kichwa kikabaki juu, kimesimama wima, mashavu nje, kinanitazama. Sufi haishiki maji. Zamani hata majaketi ya kuokolea ya melini yalijazwa hiyo. Mama aliitwa kutoka ndani aje aone. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akaangalia kichwa kinachoelea kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mto wa dukani," alisema, akarudi ndani.

Lakini kufua sufi kuna gharama yake, ukiiminya inajikusanya mabonge, na shavu la kushoto likabaki kubwa kuliko la kulia. Binti alisema kuna ndizi imebaki humo. Nikamwanika kwenye kamba, kibanio kimoja sikioni, kimoja kwenye mkia, nikaingia kupika. Sikupata hata kukata kitunguu. Jirani wa ungo alikuwa amekuja kuurudisha, akaona nyuma ya kanga panya mwenye urefu wa mkono amening'inia na mkia wake mweupe, na nilipotoka mbio kwa ile kelele nilimkuta amepanda juu ya karo, ungo umetupwa chini, fagio limeinuliwa, na binti amesimama mbele ya kamba, mikono ameitanua.

"Usimpige! Ana medali!"